Kabati Lililovimba kwa Maji: Nani Alitengeneze, na kwa Njia Gani?



Mvua ya masika ikipiga pwani, hasa mwezi wa Mei, mambo yanayoletwa kwenye mikutano ya vikundi huwa ni yale yale: paa linavuja, choo kimefurika, mtoto hakohoi vizuri usiku. Lakini liko jambo moja ambalo watu huliona dogo mpaka siku ya kuhama. Nalo ni kabati la jikoni. Nasema yale makabati meupe ya kung'aa, au yale yenye sura ya mbao na kumbe si mbao, yaliyojaa siku hizi katika nyumba za kukodi, toka Mikindani mpaka Mtopanga, na ng'ambo kule Likoni. Maji yakiingia, chini hufura kama mandazi, ngozi inabanduka, mlango haufungi tena. Siku unafunga mizigo, mwenye nyumba analinyooshea kidole na kusema, "Dipositi yako imeliwa na hili hapa."

Dipositi hiyo mara nyingi ni kodi ya mwezi mzima. Kwa mama anayeuza viazi karai, au baba wa kibarua bandarini, ndiyo pesa aliyoitegemea kuingilia nyumba nyingine. Kwa hivyo somo la leo lina sehemu ya mikono na sehemu ya mdomo, yaani kutengeneza na kukubaliana. Tafadhali lisomwe kikundini kwa sauti, na fundi wa mtaa aalikwe asikize.

Kabati lenyewe ni kitu gani

Ukitoa mlango na kuangalia tundu la skrubu, utaona ndani si mbao ya kupasuliwa. Ni chipbodi. Kiwandani, vipande vidogo vidogo vya mbao huchanganywa na gundi, kisha vikakandamizwa kwa nguvu na moto mpaka viwe ubao. Juu hubandikwa ngozi nyembamba. Kuna karatasi iliyoloweshwa dawa ya melamini, ambayo huja nayo toka kiwandani. Na kuna fomika, iliyo nene kidogo, ambayo seremala hubandika mwenyewe kwa gundi.

Ile ngozi maji hayaipenyi kwa urahisi. Maji hupita mahali ubao uko uchi: chini kabisa panapogusa sakafu, kwenye duara lililokatwa kuweka sinki, nyuma upande wa ukuta, na kwenye matundu ya bawaba. Seremala wengi huufunika ukingo wa mbele unaoonekana na kuacha ule wa chini na wa nyuma hivyo hivyo, kwa kuwa hakuna atakayeinama kuuangalia. Maji huinama.

Vile vipande vilivyokandamizwa vikipata maji hutanuka na kuachana. Vikikauka havirudi kama vilivyokuwa. Hili lieleweke, maana wako watu wanaotoa kabati nje wakidhani jua litalirudisha. Jua kali huondoa maji, ndiyo, lakini pia hukunja mlango na kubandua ngozi iliyokuwa bado imeshika.

Sisi wa pwani tuna shida ya ziada. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na visima vingi vya huku bara vina maji ya chumvi. Chumvi ikikauka ndani ya ubao huvuta unyevu tena. Skrubu na bawaba za bei rahisi huota kutu zikakatika kichwa.

Kwanza tafuta maji yanatoka wapi

Kutengeneza kabati kabla ya kusimamisha maji ni kutupa pesa. Na maji ya kwenye kabati hayatoki sehemu moja tu.

Mara nyingi ni lile bomba lililopinda chini ya sinki. Pangusa kila kitu kwa kitambaa kikavu, tandika gazeti chini, kisha jaza sinki na uliachilie kwa mara moja. Gazeti litakuonyesha tone limeanguka wapi. Kama gazeti ni kavu lakini ubao karibu na sinki umelowa, basi maji yanapita juu, pale sinki linapokutana na meza, kwa sababu silikoni imeachana. Hiyo ni kazi ya nusu saa: kwangua ile ya zamani, kausha, paka mpya, acha usiku mzima bila kutumia maji.

Kama unyevu uko upande wa ukuta, fanya jaribio hili. Chukua kipande cha karatasi ya nailoni nzito, mraba wa kama sentimita 30, ukibandike ukutani kwa tepu pande zote nne. Angalia baada ya siku mbili. Ukikuta matone ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanapita ndani ya ukuta. Yakiwa juu ya nailoni, upande wako, hayo ni mvuke wa kupikia na hewa ya chumba. Dawa yake ni dirisha.

Halafu kuna mgao wa maji. Maji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Wakati wa mgao mtu hufungua mfereji, aone hakuna kitu, ausahau wazi, aende kulala. Saa nane usiku maji yanarudi. Asubuhi jikoni ni bwawa. Wafundisheni watoto kwamba mfereji mkavu hufungwa kama mfereji wenye maji. Kisha toeni kizibo cha sinki kila usiku.

Mwisho ni mafuriko yenyewe. Wengi wetu tunakumbuka mvua za El Niño za mwaka 1997, na tena mwezi wa Novemba 2023. Maji ya mafuriko yamepita kwenye mitaro na mashimo ya vyoo. Kabati lililosimama ndani yake lioshwe kwa sabuni, halafu kwa maji yenye dawa ya klorini, na unga au mchele uliolowa humo utupwe hata kama moyo unauma. Dawa ya klorini isichanganywe na asidi ya kuoshea choo, kwa maana hewa inayotoka hapo huumiza mapafu. Na kama kuna soketi karibu, zima umeme kwenye meni swichi kabla hujagusa chochote.

Kukausha

Toa vyombo vyote, toa droo na milango. Kama kuna ubao mwembamba wa mbele chini, unaoficha miguu ya kabati, ung'oe. Nyuma yake ndipo maji hukaa wiki nzima. Fungua madirisha, weka feni ipulize ndani ya kabati. Wakati wa kiangazi siku nne au tano zaweza kutosha. Wakati wa masika hesabu wiki mbili. Usifanye haraka, gundi haishiki mbao yenye maji.

Lakini hapa nawaomba mnisikize sana. Kuna watu hukausha kwa jiko la makaa, wanaliweka jikoni na kufunga mlango ili joto lisitoke. Hewa ya makaa inayoua haina harufu wala rangi. Huanza na kichwa kuuma na usingizi, na mwenye kulala hapo huenda asiamke. Kabati la mtu halina thamani hiyo. Jiko la makaa libaki nje.

Ukungu mweusi uliomea ndani upanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, usiufagie ukiwa mkavu, kwa sababu vumbi lake huingia kifuani. Mwenye pumu asifanye kazi hii.

Linatengenezeka au halitengenezeki?

Chukua bisibisi, bonyeza mahali palipovimba. Kama ni pagumu, na ncha inaingia kidogo tu, patatengenezeka. Kama bisibisi inazama na ubao unamegeka kama mkate uliochovywa chai, hapo hakuna gundi ya kusaidia. Pakatwe.

Ngozi iliyobanduka tu, na ubao bado mgumu, ndiyo kazi rahisi. Kwangua gundi ya zamani, piga msasa kidogo, futa vumbi. Paka gundi ya fomika pande zote mbili, ubao na ngozi, halafu subiri mpaka ukigusa kwa kidole isishike. Kopo lenyewe limeandikwa dakika ngapi. Ndipo ubandike, ukianzia katikati na kusukuma hewa nje kwa kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa. Gundi hii ikigusana imeshika, huna nafasi ya kusogeza. Na ipakwe madirisha yakiwa wazi, mbali na moto, kwa maana mvuke wake huwaka.

Ukingo uliofura lakini bado mgumu unataka gundi nyeupe ya mbao. Isukume ndani ya nyufa kwa kisu chembamba. Weka nailoni pande zote mbili, kisha ubane ubao wako kati ya vipande viwili vya mbao vilivyonyooka, ukaze kwa klampu. Asiye na klampu afunge kwa kamba ya mpira wa tairi na kabari. Acha siku nzima. Utapungua, hautakuwa kama mpya. Kilichobaki piga msasa, ukiwa umefunga pua na mdomo kwa kitambaa, halafu paka rangi ya mafuta au vanishi mara mbili. Juu yake bandika ukanda mpya wa ukingo, ule wenye gundi kwa nyuma, kwa pasi ya moto wa wastani juu ya kitambaa.

Bawaba iliyong'oka na tundu lake: jaza tundu kwa gundi ya mbao na njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa, acha ikauke, kisha rudisha skrubu. Kama pamechimbika sana, sogeza bawaba sentimita tano juu au chini na uanze upya.

Sasa, chini palipooza. Hapa mafundi wengi hutaka kukuuzia kabati jipya, na mimi sikubaliani nao. Mara nyingi kuoza kumepanda kama upana wa kiganja tu. Ondoa kabati ukutani, piga mstari ulionyooka juu ya palipooza, kata kwa msumeno wa meno madogo. Zile kingo mbichi zipake rangi ya mafuta mara mbili, bila kuacha hata ya nyuma. Kisha lisimamishe kabati juu ya miguu isiyokunywa maji. Miguu mizuri niliyoiona ni vipande vya paipu ya plastiki vilivyojazwa saruji, vyenye urefu sawa na kile ulichokikata. Vipande vya mvinje vinafaa pia vikipakwa rangi, lakini weka nailoni kati yake na sakafu. Kabati likisimama hivyo, maji ya kuosha nyumba yanapita chini, unapiga dekio, hewa inapita. Kwa kweli kabati la namna hii ni bora kuliko lilivyotoka kwa seremala.

Ni la nani?

Kabla ya kushika msumeno, jiulize hilo. Kabati ulilolinunua ukalibeba kwa mkokoteni na kuliegemeza ukutani ni lako, likate upendavyo. Lililopigiliwa ukutani na ulilikuta pale ulipoingia ni la mwenye nyumba. Hilo usilikate bila ruhusa yake, hata kama nia yako ni njema.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, vifungu vya 65 na 66, imeweka masharti yanayoingia katika ukodishaji hata kama hamkuandikiana. Mwenye nyumba anatakiwa nyumba iwe inafaa binadamu kuishi, siku unayoingia na siku zote unazokaa. Kama umekodi sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mitaro mikubwa na mahali pa kutumia wote ni juu yake. Mpangaji naye anatakiwa aitunze nyumba na airudishe katika hali aliyoikuta. Lakini haimpasi kutengeneza uchakavu wa kawaida wa matumizi, wala hasara ya mafuriko au tufani au ajali ambayo haikutoka kwa uzembe wake. Mkiwa na mkataba wa maandishi, usomeni pia.

Neno hilo la uzembe ndilo lenye uzito. Nitatoa mifano miwili ya kikazi. Mama mmoja wa Magongo aliacha mfereji wazi wakati wa mgao, kabati likafura. Jirani yake wa ghorofa ya chini alikuta kabati lake limefura pia, maji yakiwa yametoka darini. Kabati mbili, maji yale yale, na mwenye nyumba mmoja aliyetaka kukata dipositi zote mbili. Huyu wa chini hakuwa na kosa lolote, na mwishowe alirudishiwa pesa yake yote. Yule wa juu alikubali kwamba uzembe ni wake, akaomba atengeneze mwenyewe kwa fundi wanayemkubali wote wawili. Gharama ilikuwa ndogo kuliko dipositi kwa mbali. Kilichomsaidia ni kwamba alisema mapema, akiwa bado anakaa pale, badala ya kungoja siku ya kuhama.

Wengine watauliza, kwa nini nisikate gharama kwenye kodi ya mwezi? Usifanye hivyo bila makubaliano ya maandishi. Iko sheria, sura ya 293, inayomruhusu mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji kwa kodi isiyolipwa, na dalali hatauliza habari za kabati.

Tukumbuke pia kwamba hapa kwetu mwenye nyumba huenda si mwenye kiwanja. Kisauni, Likoni na Changamwe zimejaa nyumba zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mwenye nyumba naye analipa kodi ya kiwanja. Mtu kama huyo huogopa kutumia pesa kwa kitu cha kudumu. Haimwondolei wajibu, lakini ukijua hivyo utajua namna ya kuongea naye. Mzee ambaye hataki kabati jipya aweza kukubali haraka miguu ya paipu na kopo moja la rangi.

Maneno yawe kwenye karatasi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku ya kuingia, zunguka nyumba pamoja na mwenye nyumba au keateka, mkiandika: mlango upo, kioo kimepasuka, kabati chini limeanza kufura. Nyote mtie sahihi. Piga picha kwa simu, pamoja na chini ya sinki. Siku maji yanapovuja, tuma ujumbe siku hiyo hiyo. Barua fupi yatosha, kama hii:

"Mzee, salamu. Mimi ni mpangaji wa chumba namba fulani. Leo tarehe fulani nimeona maji yanatoka ukutani nyuma ya kabati. Nimetoa vyombo na nimeweka ndoo. Kabati limeanza kuvimba chini, picha nimekutumia. Naomba fundi wa bomba aje kabla ya tarehe fulani. Fundi wa mbao anasema kutengeneza kabati ni shilingi kadhaa. Tukubaliane nani atalipa kabla kazi haijaanza. Ahsante."

Haina matusi wala vitisho. Weka nakala, na kila risiti ya gundi na rangi.

Mkishindwa kuelewana, anzeni kwa wazee wa mtaa au chifu. Kwa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna baraza la kodi za nyumba chini ya sheria ya sura ya 296, ingawa vyumba vingi siku hizi vimepita kiasi hicho. Kwa madai ya pesa kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Nendeni mkamuulize karani kama dai lenu linaingia hapo, mkiwa na ile karatasi ya siku ya kuingia.

Kazi ya kikundi

Klampu nne, msumeno wa meno madogo, bisibisi na pasi ya zamani si vitu vya kila nyumba kununua. Vikiwekwa kwa mweka hazina na kuandikwa kwenye daftari vinapotoka na kurudi, vitatumika mtaa mzima. Vijana waliosomea useremala waweza kulipwa kidogo kuwafundisha wanachama wawili watatu, na hapo kikundi kimepata kazi ya kufanya msimu wa mvua.

Maswali ya kuzungumza baada ya somo:

Katika kikundi chetu, ni wangapi walipoteza dipositi walipohama, na waliambiwa ni kwa sababu gani?

Mama wa Magongo aliyeacha mfereji wazi: je, ingekuwaje kama bomba la kutolea maji la sinki lilikuwa limeziba tangu kabla hajaingia, na keateka alishaambiwa?

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja atoe vyombo chini ya sinki lake na apapase ukingo wa chini na wa nyuma kwa mkono. Nani amekuta unyevu, na umetoka wapi?